Lori Kwenye Shela ya Harusi

Jumanne, 24 Machi 2020

Navreet amepiga simu. Anasema, bibi, andika kidogo kila siku, kichwa kitapumua. Nikamwambia kichwa changu hakijawahi kukosa hewa, kinachonisumbua ni magoti. Akacheka. Mjukuu huyu, mtoto wa binti yangu Harpal, akicheka simkatalii kitu. Basi naandika.

Shule sikuiona hata lango lake. Herufi nilizipata gurudwara, nyumba yetu ya ibada, ukubwani, nikiwa nimeshazaa, ili nisome sala mwenyewe badala ya kusomewa. Kwa hiyo herufi zangu ni za sala. Leo zinaandika upuuzi. Waheguru anisamehe.

Habari yenyewe — amri ya kutotoka nje, kwa ajili ya ugonjwa huu wa korona. Spika ya gurudwara imetangaza tangu alfajiri: kila mtu abaki kwake, maziwa yataletwa mlangoni. Baba Harpal hakusikia. Au alisikia akajifanya kiziwi, maana mume wangu ana masikio ya kuchagua. Akafunga kilemba chake cha bluu, akachukua karata, huyoo barazani pale kisimani, kama kila siku tangu aache kuendesha lori. Chai yake haijapoa, amerudi. Polisi wamewatawanya. Wazee wanne wenye ndevu nyeupe, wamekimbizwa kama mbuzi walioingia bustani ya watu! Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Yeye hakucheka. Ameweka karata juu ya kabati, nyuma kabisa, ambako tunaweka vitu visivyotumika.

Ijumaa, 27 Machi

Kila mtu amejitafutia la kufanya. Kulwant, mke wa mwanangu, anaoka keki ndani ya sufuria ya presha. Oveni hatuna. Mwanangu Jagtar amekwama Dubai, kwa hiyo yeye anatumiwa picha ya keki, keki yenyewe tunaila sisi. Ya leo ilikuwa tofali. Nilimwambia, Kulwant, hii tungejengea banda la nyati. Akanuna. Nikala vipande viwili mbele yake, nikameza kwa chai. Kununa kukaisha.

Jirani yetu Shindo, paa lake na letu yamegusana, yeye anapanda juu kila alasiri anapiga makofi na kucheza nyimbo za harusi. Peke yake! Mwili ule! Anasema asipocheza ataanza kuzungumza na sufuria.

Mimi ninayo shela ya Navreet. Kwetu binti akiolewa, mama wa mama yake ndiye anayemshonea shela hii, kwa mkono wake, hariri ya rangi ya dhahabu juu ya pamba nyekundu. Bi harusi anafungwa nayo akitoka kuoga, kabla ya kuvishwa bangili. Bibi yangu mzaa mama alinishonea yangu. Nyingine zote tunazishona kwa upande wa nyuma, na nyuma hakuna anayeitazama. Hii haina nyuma. Pande zote mbili ziwe sawa, mshono kwa mshono. Ndiyo maana inachukua miaka.

Nimefika katikati. Harusi ilikuwa mwishoni mwa Aprili — imeahirishwa, mpaka lini hakuna anayejua. Na mtoto wa jicho wangu alikuwa atolewe mwezi huu. Daktari naye amefunga. Tundu la sindano silioni tena. Nimeikunja shela.

Nimechoka, na sijafanya kitu. Uchovu gani huu.

Alhamisi, 2 Aprili

Mehar Singh amefariki. Si kwa ugonjwa huu. Moyo. Alilala, hakuamka.

Alikuwa mwenzake Baba Harpal kwenye lori ujana wao wote, mmoja analala, mmoja anaendesha, mpaka Kolkata huko na kurudi. Uzeeni wakawa wenza wa karata. Leo maiti yake wameichoma, kama desturi yetu, watu watano tu, ndugu wa damu. Wengine hawakuruhusiwa. Baba Harpal alipanda darini, akasimama kule akitazama moshi mpaka ukaisha. Nilimwita ale. Hakugeuka.

Jumapili, 5 Aprili

Analala ameelekea ukutani. Kilemba hafungi. Nywele zake zimesokotwa ovyo kama za mtoto mgonjwa. Nikipeleka sahani anasema neno moja tu.

"Weka."

Naweka. Chapati inakauka, dengu inafanya ngozi juu, naondoa. Jioni tena — "Weka." Kulwant analia jikoni akidhani simsikii.

Leo nimempigia kelele. Nimemwambia, Baba Harpal, wewe si wa kwanza kufiwa, inuka, unanuka! Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Amesema polepole, "Mama Harpal, niache. Mimi nasubiri tu."

Sikumuuliza anasubiri nini. Baba mkwe wangu alilala hivihivi, kwenye chumba hikihiki, akiutazama ukuta huuhuu. Hakuwa na ugonjwa wowote. Ngano ilipovunwa yeye hakuwepo.

Huyu simwachii. Asikie ukuta, asikie mbingu. Simwachii.

Jumanne, 7 Aprili

Nimeishusha shela. Nikamtupia kitandani, pamoja na sindano na fundo la hariri.

"Nitungie uzi. Sioni."

"Mwambie Kulwant."

"Kulwant ana keki."

Kulwant alikuwa amekaa tu uani, anakuna mguu. Waheguru ananijua, uongo mdogo wa faida hanihesabii.

Akatunga uzi akiwa amelala. Nikashona kidogo, nikakata. "Tunga tena." Akatunga. Nikakata mfupi zaidi. Kutunga uzi mtu amelala ni kazi, mikono inachoka. Mara ya tano au ya sita akainuka, akakaa kitako.

"Wewe mwanamke unashona au unakula uzi?"

Nikainamisha uso asinione. Ni sentensi ndefu kuliko zote tangu moshi ule.

Alhamisi, 9 Aprili

Jamani. Jamani!

Nilikuwa nashona karibu naye, kwa kupapasa zaidi kuliko kuona. Shela hii hatuchori kitu juu yake, tunahesabu nyuzi za kitambaa. Akasema, "Umeruka." Nikasema sijaruka. "Umeruka, hapo, pembetatu yako imeinama." Nikamwambia afunge mdomo, mambo ya wanawake anayajulia wapi. Akasema amekuwa akinitazama siku mbili, na mtu anayekumbuka karata zote zilizotoka atashindwaje kuhesabu nyuzi?

Kisha akanyoosha mkono. Akachukua sindano.

Mimi nilitazama mlango kwanza! Nikaenda nikashusha pazia. Mwanaume na shela ya harusi — huku kwetu sijaona, sijasikia. Mikono ile ya usukani, vidole kama karoti. Akashona mstari mzima, akanipa nitazame. Mbele palikuwa pazuri. Nikageuza.

"Nyuma ni aibu," nikamwambia.

"Nyuma nani anatazama?"

"Hii haina nyuma, punda wewe mzee! Ndiyo kazi yenyewe!"

Akafumua yote. Akaanza upya, kila mshono anageuza kitambaa, anatazama, anageuza tena, anahema kama anapandisha mlima na mzigo wa saruji.

Amekula chapati mbili. Sikumwambia ale. Alikula mwenyewe, jicho kwenye kitambaa.

Jumatatu, 13 Aprili

Vaisakhi, sikukuu yetu ya mavuno. Maonyesho hakuna, mieleka hakuna, peremende hakuna. Ngano imesimama shambani imeiva, hakuna wa kuivuna. Sikukuu kama Jumatatu yoyote.

Nikasema basi, kama anashona, ashone kwa utaratibu. Mwanamke akianza kushona shela hii anafungwa uzi mwekundu mkononi, na sukari guru inagawiwa. Nikamfunga. Nikamtia kipande cha sukari guru mdomoni. Hapo hapo Kulwant akaingia na ndoo. Akamwona baba mkwe wake, uzi mwekundu mkononi, sindano katikati ya vidole, shela ya Navreet mapajani.

"Bapu ji! Baba!"

Ndoo ikamwagika. Baba Harpal akasema, "Unashangaa nini, mwanangu? Wewe unaoka mikate kwenye sufuria ya dengu, mimi nimekuuliza?"

Kulwant akaziba mdomo na mtandio wake, akatoka anatikisika mabega. Baadaye akaleta keki. Ya leo imeumuka. Nilimwambia pia, maana mimi nikisema baya nasema na zuri.

Na amefunga kilemba leo. Cha zafarani, cha sikukuu.

Alhamisi, 16 Aprili

Shindo amejua. Nani atamficha Shindo kitu?

Baba Harpal alitaka mwanga, akapanda na kazi yake darini. Nikamwambia usipande. Akapanda. Alasiri Shindo akaja kucheza kwake, akamwona, akasimama. Halafu yakaanza makofi:

"Kauacha usukani, sindano ameishika,
Kesho bibi kilembani, na ndevu zitamfika!"

Kwa sauti ile! Kijiji kizima kimenyamaza kwa amri, sauti ya Shindo inafika mpaka mfereji. Nikapanda ngazi mbio na magoti yangu haya mabovu. Nilijua basi, imekwisha, ataitupa shela na kurudi ukutani.

Nilipofika juu amesimama wima. Akapaza sauti, sauti yake ya barabarani, sijaisikia tangu Mehar aondoke:

"Shindo! Wewe cheza taratibu, dari lako lina ufa!"

Shindo akacheka mpaka akakaa juu ya tangi la maji. Nami nikacheka. Yeye akakaa, akaendelea kushona kama vile hakusema kitu, ila masharubu yanacheza.

Jioni Shindo ameninong'oneza ukutani, "Dada Bachint, mwache ashone. Mume wangu alikaa bure mpaka akaisha." Halafu akanitupia fundo la hariri ya dhahabu, ya mama yake, imefungwa kwenye kitambaa. Yangu ilikuwa inakaribia kwisha. Sikujua kama aliona.

Jumapili, 19 Aprili

Leo nilikuwa niue mtu.

Nimeikunjua shela yote nione tumefika wapi. Pembeni kabisa, kwenye kona, kuna kitu. Nikasogeza karibu na jicho langu zima. Magurudumu.

"Baba Harpal. Hiki nini?"

"Lori."

"Lori!"

"Lori. Kwani hulijui? Limekulisha maisha yako yote."

"Shela ya harusi ina pembetatu! Ina ngazi! Bibi yangu alishona pembetatu, na bibi yake! Haina lori!"

"Sasa mtoto atasafiri na nini, na pembetatu?"

Nikashika mkasi. Kweli nilishika. Nikaanza kutafuta mwanzo wa uzi ili nifumue. Hapo ndipo nikaona kwenye kabini ya dereva kuna vilemba viwili. Viwili, vidogo kama punje za dengu. Nikageuza kitambaa. Upande wa pili vipo vilevile, sawasawa, bila fundo hata moja.

Akaweka kidole. "Upande huu Mehar ndiye yuko kwenye usukani," akasema. "Ukigeuza, naendesha mimi. Yeye analala."

Nimerudisha mkasi kwenye kopo lake.

Kwetu mtu akishona vizuri sana anaacha kitu kidogo kisicholingana, kwenye kona, ili jicho la hasidi likwame hapo, bi harusi apite salama. Nimemwambia basi lori lako litakuwa hilo, la kukamata hasidi, na usithubutu kushona jingine. Kulwant akamwonyesha Navreet kwenye simu. Nikadhani mtandao umekatika. Kumbe analia. "Bibi, msilifumue. Nawaomba, msilifumue."

Nani anafumua. Mnanionaje nyie?

Alhamisi, 23 Aprili

Anakohoa. Mashine za kuvuna zimeruhusiwa, vumbi la ngano limejaa kijijini. Nasema ni vumbi.

Kulwant ananitazama tu.

Ijumaa, 24 Aprili

Si vumbi. Ameamka na homa.

Walikuja watu wa afya wamevaa meupe toka kichwani mpaka miguuni, kama wanaokwenda kurina asali. Wakamtia kijiti puani. Majibu baadaye. Wakamweka chumba cha mbele peke yake, asiingie mtu, chakula kwenye kizingiti. Wakabandika karatasi mlangoni kwetu, kila apitaye aione.

Mmoja alikuwa msichana. Jasho linamtiririka ndani ya miwani yake. Nikamuuliza, binti, umekula? Akasema, bibi, kaa mbali. Nikamwambia mbali nitakaa, nimekuuliza kama umekula. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Nikamfungia keki kwenye mfuko, nikaweka chini, nikarudi nyuma. Ameichukua.

Leo juu ya paa la Shindo kimya.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimeweka sahani kwenye kizingiti. Nikagonga.

"Weka."

Lile neno! Nilingoja. Sahani imekaa. Mchana nikaweka nyingine. "Weka." Nikachungulia. Amegeukia ukuta.

Daktari alipiga simu, Kulwant akaongea naye. Pumzi bado ni nzuri, kile kidude cha kubana kidoleni kinasema vizuri. Lakini ale. Anywe maji. Akae kitako, asilale chali kutwa. Kulwant akanieleza yote, akamaliza, "Mama, hawezi kulazimishwa kwa simu."

Nikaenda nikachukua nyundo.

Nimeipigilia shela mlangoni, juu, kwa misumari minne, ikaning'inia kama pazia. Kulwant akapiga kelele, "Mama! Ugonjwa!" Nikamwambia nimefunga mdomo na pua, mikono nitaosha kwa sabuni, na shela itakaa juani kabla haijamgusa mtoto. Siingii ndani. Nani kasema naingia?

Nikavuta kigoda. Uzi alinitungia Kulwant. Nikachoma sindano kwenye kitambaa, nikaisukuma yote ikapita upande wa pili.

"Baba Harpal! Sindano iko kwako."

Nikagonga fremu ya mlango.

"Inaning'inia! Ikianguka ukaikanyaga, usinililie."

Nikasikia kamba za kitanda zinalia. Akakohoa. Miguu inaburuzwa. Halafu uzi ukavutwa upande ule, taratibu, ukanyooka. Na sindano ikatoka kwangu, ncha kwanza, hapo hapo panapotakiwa.

"Ulikuwa umeruka uzi mmoja," akasema.

"Sijaruka."

"Umeruka. Nimerekebisha."

Tumefanya pembetatu ndogo moja. Kila mshono mimi nampa, yeye ananirudishia. Nikamwambia kabla ya pembetatu nyingine ale, mimi siwezi kufanya kazi na fundi mwenye njaa. Amekula nusu chapati, amesimama.

Jioni Navreet ananifokea kwenye simu. Bibi, unataka kujiua? Unajua hiki ni kitu gani? Anajua mambo mengi yule mtoto, na ana haki. Nikamwacha afoke mpaka achoke. Nikamwambia, mwanangu, kuna kufa kwa aina mbili humu ndani. Moja daktari anaishughulikia.

Jumapili, 26 Aprili

Leo ndiyo ingekuwa harusi. Navreet amelia asubuhi, mama yake amelia, Kulwant akaungana nao. Mimi machozi sina, macho yangu yana kazi nyingine.

Majibu bado.

Usiku hakulala vizuri. Pumzi fupi, namsikia. Lakini sahani ya asubuhi imerudi tupu, na kikombe kimeinamishwa juu yake kama zamani akirudi kutoka safari. Shindo ameshusha kopo la mchuzi wa dengu kwa kamba kutoka darini kwake. Hakuimba. Amesema tu, "Mwambie dari langu linamsubiri aje alizibe ufa."

Nikamwambia. Amecheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikawa kirefu.

Alasiri. Naandikia hapa hapa kwenye kigoda, daftari gotini. Jua limeingia dirishani kwake, nakiona kivuli chake kwenye nyekundu ya shela, kilemba na vyote. Amekifunga. Mikono yake inainuka polepole. Jana alikuwa ananirudishia nikiwa bado sijakaa vizuri. Leo napata muda wa kuandika sentensi nzima kati ya mshono na mshono.

Imebaki kona moja. Ameiona naye.

"Usiimalize leo, Mama Harpal."

"Nani anamaliza? Macho yenyewe haya."

Nikasukuma sindano.

Simu imelia jikoni. Kulwant ameipokea. Sasa anakuja huku uani, miguu mitupu, simu ameikandamiza kifuani, mtandio umemwanguka na hajui. Ni wale wa majibu. Amefungua mdomo.

Nimemwinulia mkono: ngoja. Usiseme kitu. Sindano iko upande wake.

Uzi umesimama. Kivuli kimeinama.

Sindano irudi kwanza.